Turbo Haina Kosa, Tatizo ni Papara Zetu

Najua nimepotea. Mitihani ya katikati ya muhula ilinikaba koo, nikaona bora nitulie kwanza, nisije nikaanza kupiga simu nyumbani kuelezea sapu. Sasa nimepumua, na leo nakuja na jambo ambalo halimo kwenye silabasi yetu ya ualimu, ingawa mimi mtu wa fizikia naliona ni fizikia tupu.

Kuna ubishi unaendelea huku chuoni kwetu Uru, hasa usiku umeme ukikatika na watu wamekaa nje ya bweni hawana la kufanya. Ubishi wa magari yenye turbo. Kambi ya kwanza inasema turbo ni ugonjwa. Ukinunua Subaru yenye turbo, au Mark II yenye turbo, umejinunulia kesi, na ndani ya mwaka utakuwa unapitisha kadi za mchango wa injini kama watu wanavyopitisha za harusi. Kambi ya pili ni washikaji wetu wa mlio. Hao hawataki kusikia kitu. Kwao gari ambalo halitoi ule mlio wa "pshhh" dereva akiachia mafuta si gari, ni jokofu lenye matairi. Wanaota siku wakipata ajira wakope, wanunue, halafu wamtafute fundi aongeze presha ya turbo liruke zaidi.

Mimi nasema kambi zote mbili zimepotea njia. Turbo nyingi zinazokufa huku kwetu hazifi kwa sababu ni turbo, na wala hazifi kwa sababu ya barabara mbaya. Zinauawa na papara. Oili iliyochoka, injini inayozimwa ikiwa bado moto, mafuta ya ovyo, na fundi anayelazimishwa na mteja kufanya kazi ya bei rahisi. Na kinachoniudhi zaidi ni ule usemi wa "gari ni lake, akiliua ni shauri yake". Si shauri yake. Kwa huku mlimani si shauri yake hata kidogo, na nitawaambia kwa nini.

Kuna mzee mmoja jirani huku juu, mwalimu mstaafu. Watoto wake walioko Dar walichanga wakamletea Forester yenye turbo, mtumba kutoka Japani. Lile gari kwa kadi lilikuwa la mzee, kwa matumizi lilikuwa la kijiji kizima. Mama kashikwa na uchungu usiku wa manane, Forester. Mtoto kapandwa na homa, Forester mpaka KCMC. Msiba, Forester. Masika njia ikiwa tope tupu na bodaboda wamegoma kupanda, inayofika ni Forester.

Desemba iliyopita vijana wa mjini wakaja kula Krismasi, wakalichukua. Siku tatu za kushuka Moshi na kupanda, kushindana na gari la mwenzao kwenye kona, wakifika juu wanazima hapo hapo na kushuka na chupa zao. Siku ya nne likaanza kutoa moshi wa bluu na kulia kama king'ora. Wakaongeza oili waliyoikuta dukani, wakaendelea. Siku ya tano injini ikanoki. Wakapanda basi wakarudi Dar kazini. Gari mpaka leo liko chini ya migomba, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mwezi wa nne bibi mmoja mgonjwa alishushwa kwa machela ya miti mpaka barabara kubwa, usiku, mvua inanyesha. Alifika hospitali, namshukuru Mungu. Ila vijana wanne waliombeba sidhani kama walikuwa na hamu ya kujadili mlio wa turbo.

Ndiyo maana naona hili jambo linastahili kuandikwa.

Sasa tuelewane kwanza turbo ni kitu gani, hasa kwa wale wenzangu mnaosomea Kiswahili na historia ambao mmeshaanza kukunja sura. Ni rahisi. Moshi unaotoka kwenye injini unatoka kwa nguvu na kwa joto kali. Kwenye injini ya petroli iliyobanwa sawasawa, moshi huo unaweza kufika nyuzi 900 za Selsiasi. Badala ya kuuacha upotee bure kwenye bomba, wanaupitisha kwenye feni ndogo. Feni hiyo imeunganishwa kwa mhimili mwembamba na feni nyingine upande wa pili, ambayo inavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa zaidi, mafuta zaidi, nguvu zaidi. Basi, hiyo ndiyo turbo.

Balaa liko kwenye ule mhimili. Unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwenye turbo ndogo unaweza kukaribia 200,000. Injini yenyewe ikilia kwa nguvu zake zote haizidi 7,000 au 8,000. Na kwenye turbo nyingi mhimili huo haukukalia gololi. Unaelea kwenye utando mwembamba sana wa oili inayosukumwa na pampu ya injini. Oili ile ile inayolainisha ndiyo pia inayopoza. Kwa hiyo uhai wote wa turbo umeshikiliwa na oili. Ikikosekana kwa sekunde chache, chuma kinakutana na chuma kwa kasi hiyo niliyoitaja. Ikiwa chafu, inakwangua. Ikiwa imechoka na kuwa kama maji, utando unakatika.

Halafu kuna hili la kuzima injini ghafla. Ukizima, pampu ya oili inasimama palepale. Lakini joto la upande wa moshi halisimami, linahamia kwenye mhimili. Oili kidogo iliyobaki pale inaungua na kugeuka masizi magumu, kama mafuta yaliyogandia kwenye karai la muuza chipsi. Ukifanya mara moja hutaona kitu. Ukifanya kila siku, vinjia vya oili vinaanza kuziba. Siku vikiziba kabisa utasema turbo imekufa ghafla, wakati ulikuwa unaiua kidogo kidogo mwaka mzima. Ni kweli turbo nyingi za siku hizi zinapozwa na maji pia, na hilo linasaidia. Lakini hayo magari ya mtumba tunayoyazungumzia yana umri wa mdogo wangu wa sekondari, mengine rejeta imejaa maji ya mfereji. Usiwe na uhakika sana na huo msaada.

Haya, tuje Desemba. Si mnajua tena watu wa kwetu, Krismasi lazima twende "kuhesabiwa". Dar mpaka Moshi ni kama kilomita 560. Mtu anatoka alfajiri, Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo. Kwenye vijiji anatambaa 50 kwa saa kwa kuogopa tochi ya trafiki, halafu kibao cha kijiji kikiisha anakanyaga mpaka chini kufidia muda. Hedaru na Same joto la mchana ni kama mdomo wa tanuri. Anafika Moshi gari limenyanyaswa siku nzima. Je, analipumzisha? Thubutu. Anageuza pua kupanda Uru, gari limejaa watu saba, kreti za soda, na magunia ya mchele. Anafika kwa babu, anapiga resi moja ya mwisho ili kijiji kijue amefika, anazima. Ile resi ya mwisho jamani! Umeipandisha turbo mzunguko na joto, halafu umeikatia oili. Ukitaka kutengeneza mtihani wa kuua turbo huwezi kutunga mzuri kuliko huo.

Na mlima wenyewe una hesabu yake. Moshi mjini iko mita 800 hadi 900 hivi kutoka usawa wa bahari, na vijiji vya juu vya Uru, kama kule Materuni wanakopelekwa watalii kuona maporomoko, vinapita 1,500. Kwenye mita 1,500 msukumo wa hewa umebaki kama asilimia 85 ya ule wa Dar. Gari lisilo na turbo linapungukiwa nguvu kwa kiasi kama hicho hicho, ndiyo maana vile vigari vidogo vinapanda huku vikihema. Gari la turbo halihemi sana, kwa sababu turbo inazunguka haraka zaidi kufidia hewa iliyopungua. Utamu wake ndio huo. Lakini maana yake ni kwamba huku juu turbo inafanya kazi kubwa kuliko Dar, hata kama mguu wako uko pale pale.

Ongeza na hili. Hewa ikishindiliwa inapata joto, kwa hiyo kuna rejeta ndogo ya kuipoza kabla haijaingia kwenye injini, mafundi wanaiita intakula. Kwenye Forester na Impreza imelala juu ya injini, chini ya kile kidirisha cha boneti. Inategemea upepo. Ukiwa barabara kuu upepo upo. Ukiwa unapanda kona za huku kwa gia ya kwanza na ya pili, upepo haupo, na joto la injini linaipikia kwa chini. Kwa hiyo hewa ya moto inaingia ndani wakati injini imebanwa kuliko wakati wote. Hapo ndipo injini inaanza kugonga.

Kugonga maana yake mchanganyiko wa hewa na petroli unalipuka wenyewe, mahali pasipotakiwa na wakati usiotakiwa, unaipiga pistoni kama nyundo. Pistoni ni aluminiamu. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660. Rudi pale juu usome tena moshi una nyuzi ngapi. Kinachoiokoa pistoni ni kwamba joto linaondolewa upesi na oili, maji na mafuta yenyewe. Ukivuruga mpango huo, ringi zinavunjika, pistoni inatoboka, kazi imekwisha.

Na hapa petroli inaingia. Magari mengi ya turbo yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yalipangiwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vyao haipungui okteni 96. Okteni ni kipimo cha uvumilivu wa petroli, yaani inakubali kushindiliwa kiasi gani kabla ya kulipuka yenyewe. Kompyuta ya gari ina kihisi cha kusikiliza kugonga na inajaribu kujirekebisha, ila ina kikomo chake. Sasa wewe mwenye gari la namna hiyo unanunua petroli ya chupa kando ya barabara kwa sababu umeokoa mia mbili. Wale wa zamani mnakumbuka uchakachuaji ulivyokuwa, petroli inachanganywa na mafuta ya taa kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo. EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi. Hali ilibadilika sana. Lakini chupa ya kando ya barabara haina kinasaba unachokiona kwa macho. Mafuta ya taa yana okteni ndogo mno. Kwenye injini ya turbo inayopanda mlima, hiyo ni sumu.

Kambi ya kwanza hapa watapiga makofi: "Si tulisema! Toa turbo!" Subirini kidogo. Kuna mafundi kweli wanaiziba turbo ikifa, wanakurudishia gari linatembea. Lakini injini ya turbo ilitengenezwa ikijua itasaidiwa. Ile ya Impreza ya lita 2 yenye turbo inakandamiza hewa mara 8 hivi, wakati mwenzake wa lita 2 asiye na turbo anakandamiza kama mara 10. Ukiiondolea turbo huwi na gari la kawaida, unakuwa na gari legevu kuliko la kawaida, linalokunywa mafuta vile vile. Halafu ulipandishe Uru. Utashuka usukume.

Na anayesema turbo haziwezi barabara za Afrika Mashariki akasome historia ya Safari Rally. Mashindano yale yalianza 1953, enzi hizo yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda na Toyota Celica yenye turbo. Celica GT-Four za turbo zikashinda 1990, 1992, 1993, na 1994 akashinda Mkenya, Ian Duncan, na gari la aina hiyo hiyo. Injini ya familia ile ile, 3S-GTE, ndiyo Toyota waliyoiweka kwenye Caldina za turbo zinazopita hapo nje. Subaru Impreza ilishinda 1997 kwa mikono ya Colin McRae na mwaka 2000 kwa mikono ya Richard Burns. Vumbi, mawe, mito, joto, maelfu ya kilomita. Magari hayo yalifungwa mabomba marefu ya kuvutia hewa juu, mbali na vumbi na maji, na yalifuatwa na mafundi wanaobadilisha kifaa kabla hakijafa. Yaani watu wenye magari yenye nguvu kuliko yote ndio waliokuwa waoga kuliko wote linapokuja suala la matunzo. Sisi tunachukua nguvu, tunaacha uoga.

Kambi ya pili, zamu yenu. Fundi akikuongezea presha ya turbo bila kuongeza mafuta na bila kurekebisha kompyuta, amekuongezea hewa tu. Hewa nyingi mafuta kidogo, joto linapanda, injini inagonga, na kihisi hakiwezi kukuokoa kila mara. Gari litaruka kweli wiki mbili tatu, utapiga picha. Wanaofanya kazi hiyo vizuri wanapima kwanza, wanabadilisha pampu ya petroli, nozeli na programu ya kompyuta, wanaweka geji ya kuangalia. Ukiona gharama yake ni ya supu na chapati, ujue umeuziwa jeneza. Na huo mlio wa "pshhh" hauongezi nguvu hata ya farasi mmoja.

Mimi si fundi, msije mkanipigia simu mko porini Mombo. Ila gereji ya mjomba mjini Moshi nimeshinda likizo zote tangu Form Two, na nilichokiona pale pamoja na ninachosoma kwenye vitabu vya watengenezaji vinasema kitu kimoja. Mambo yenyewe ni haya:

1. Oili. Toyota wenyewe huko Japani wanaelekeza injini ya petroli yenye turbo ibadilishiwe oili kila kilomita 5,000 au miezi 6, wakati isiyo na turbo ni 15,000 au mwaka. Kwa matumizi magumu, turbo inashuka mpaka 2,500 au miezi 3. Na unajua matumizi magumu kwao ni yapi? Vumbi, safari fupi fupi, milima mingi. Yaani wameandika Uru bila kuitaja. Kwenda na kurudi Dar peke yake ni kilomita zaidi ya 1,100, ongeza mizunguko ya sikukuu. Kwa hiyo badilisha kabla ya safari, weka aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, nunua duka unaloliamini, na filta ibadilishwe pamoja. Kubadilisha oili ukaacha filta ya zamani ni kuoga ukavaa nguo ile ile.

2. Dipstiki. Kila wiki, na kila asubuhi ukiwa safarini. Gari sehemu tambarare, injini imepoa. Injini za turbo zinakula oili kidogo hata zikiwa nzima, na taa nyekundu ya oili ikiwaka kwenye dashibodi mara nyingi umeshachelewa. Taa ile inaangalia presha, haihesabu lita. Ikiwaka, zima muda huo huo, usisogeze hata mita 100.

3. Asubuhi usipige resi. Baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba oili imekuwa nzito. Washa, subiri nusu dakika, ondoka taratibu, na usikanyage mpaka geji ya joto ipande.

4. Kabla ya kuzima, ipe muda. Mwongozo wa Toyota kwa magari yao ya turbo unasema ukitoka mwendo wa 80 subiri kama sekunde 20, ukitoka 100 subiri kama dakika 1, ukitoka kupanda mlima mkali au kukimbiza sana subiri kama dakika 2. Mizunguko ya mjini ya kawaida haihitaji. Hata bora zaidi, kilomita ya mwisho endesha kwa upole, turbo itapoa huku unatembea. Huhitaji kufunga taima ya turbo. Washushe abiria, msalimie babu, ndipo uzime.

5. Filta ya hewa na mabomba yake. Vumbi jekundu la huku kiangazi ni kama msasa. Kwenye feni inayozunguka mara 100,000, punje moja ya mchanga ni risasi. Usiendeshe bila filta hata kwenda dukani, na bomba lililopasuka usilifunge kwa mfuko wa plastiki.

6. Maji na rejeta. Tumia kupulenti, sio maji ya mfereji. Geji ikipanda ukiwa mlimani, simama. Kiburi cha "tumebakiza kona mbili" kimekula silinda hedi nyingi.

7. Petroli nzuri kituo kinachoeleweka, na ukisikia injini inagonga kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, punguza mguu, shusha gia.

8. Soma moshi. Wa bluu, oili inaungua. Mweusi kwa wingi, mafuta yanazidi hewa, huenda bomba la hewa limeachia. Mweupe usioisha hata gari likipata moto na maji yanapungua, gasketi. Mlio wa king'ora unaopanda na mguu wako, mhimili umeanza kulegea. Ukiona lolote hapo, gari lisimame siku hiyo, sio baada ya sikukuu. Kwa dizeli kuna hatari ya ziada. Turbo ikipasua sili, injini inaweza kunywa oili yake yenyewe na kuendelea kunguruma hata ukitoa ufunguo. Kama ni gari la gia za mkono, weka gia kubwa, kanyaga breki kwa nguvu, achia klachi mpaka izimike. Ikishindikana kaa mbali nalo.

9. Turbo ikifa, usikimbilie kufunga nyingine. Uliza kwanza imekufa kwa nini. Ukiweka mpya kwenye bomba la oili lililoziba, na vipande vya ile ya zamani bado vimo ndani ya intakula, umenunua kifo cha pili. Safisha njia zote, badilisha oili na filta, ndipo ufunge.

Kuna watakaosema hayo ni ya wenye pesa. Hesabu mwenyewe. Kati ya hayo tisa, kusubiri dakika mbili ni bure. Kuchomoa dipstiki ni bure. Kutopiga resi ya kujionyesha ni bure kabisa, tena unaokoa mafuta. Oili na filta zinauma mfukoni, sikatai, lakini waulize waliowahi kununua injini ya mtumba wakuambie kinachouma zaidi. Kama huwezi kumudu oili ya gari la turbo, nunua lisilo na turbo, halina aibu yoyote. Hilo tu ndilo ninalokubaliana na kambi ya kwanza.

Na mafundi tusiwasingizie kila kitu. Nimeshuhudia fundi akimwambia mteja kabisa, "Kaka, hii oili si ya gari lako", mteja akajibu weka hiyo hiyo, nina haraka. Gari likifa anaenda kumtangaza fundi kijiwe kizima. Fundi mzuri tunamharibu wenyewe kwa kumlipa kidogo na kumkimbiza.

Nasema tena kwa wale mnaosafiri Desemba na kaka zenu, baba wadogo zenu na shemeji zenu. Wewe msomi uliyekaa kiti cha nyuma, mkifika juu, sema. "Kaka, usizime kwanza, tusubiri dakika mbili." Atakucheka, atakuita profesa. Mwache acheke. Lile gari keshokutwa ndilo litakalotakiwa kumshusha mtu KCMC, na likigoma hakuna atakayekumbuka lilikimbia kiasi gani.

Nawasilisha. Kambi zote mbili karibuni kwa maoni, hasa wewe wa chumba cha mwisho unayesema kitabu cha gari kinaandikwa kuwatisha watu. Matusi hapana. Ngoja nikamalizie lesoni plani, kesho nina somo la kufundisha.